Kalibreta kwanza, maikrofoni ghali baadaye

Ubishi wa kelele Kampala siku hizi unapelekwa kwenye skrini. Fundi mitambo wa kanisa anaonyesha 82 kwenye kompyuta, jirani anaonyesha 96 kwenye simu, na kila mmoja anaapa kwamba hizo ni desibeli. Kanuni za kelele za Uganda za mwaka 2003 ziliweka kikomo cha 50 mchana na 35 usiku kwa nyumba za makazi. Kwa vikomo vya namna hiyo, kosa la desibeli 10 linamtia mtu hatiani bure. Ndiyo maana nashikilia kwamba mwenye pesa za maikrofoni ghali ya kupimia achukue ya bei nafuu, na pesa inayobaki anunulie kalibreta (kifaa kinachotoa sauti ya kiwango kinachojulikana, kama desibeli 94 au 114, ili programu ijue namba sahihi), hata kwa kuchangiana na mafundi wenzake.

Programu ya kupimia sauti kama REW au Smaart inaona tarakimu tu zinazotoka kwenye kadi ya sauti. Ukigusa kitufe cha geini, yaani cha kukuza ishara ya maikrofoni, tarakimu zinabadilika ingawa sauti ukumbini ni ile ile. Faili ya marekebisho inayokuja na maikrofoni haikuokoi hapo, kwa kuwa kazi yake kuu ni kunyoosha tofauti kati ya besi na sauti kali. UMIK-1, maikrofoni ya USB, ina nafuu: faili yake hubeba pia kipimo cha usikivu, na REW hukisoma. Maikrofoni ya waya wa XLR kama ECM8000, inayopitia kadi ya sauti, inategemea geini uliyoweka wewe.

Zima kwanza maboresho yote ya sauti kwenye Windows. Washa umeme wa volti 48, weka geini, kisha bandika utepe juu ya kitufe ili asikiguse mtu. Ingiza maikrofoni kwenye kalibreta kwa pete inayolingana na kipenyo chake, ikae bila kupitisha hewa. Pete iliyolegea ndiyo chanzo kikubwa cha vipimo vya uongo: sauti inavuja, programu inaambiwa kwamba hiyo ndiyo 94, na kila kipimo kinachofuata kinapanda kuliko ukweli. Subiri namba itulie, fungua sehemu ya kukalibreti kwenye kipima sauti cha REW, chagua ishara ya nje, andika 94.0.

Sasa geuza kalibreta iwe 114. Programu lazima isome 114.0 au karibu sana nayo. Ikisoma 109, kuna kitu kinachobana sauti njiani, au geini iko juu mno na mawimbi yanakatwa vichwa. Jaribio hili huchukua sekunde chache, na wengi hulipuuza.

Kalibreta nyingi hutoa hertzi 1000, ambapo uzani wa A, C na Z husoma sawa (A hupunguza besi kama sikio linavyofanya, C hupunguza kidogo tu, Z haibadilishi kitu). Pistonfoni, kalibreta inayotoa sauti kwa pistoni, hutoa hertzi 250. Ukiiacha programu kwenye A itasoma pungufu kwa desibeli 8.6, kwa hiyo tumia Z.

Pistonfoni pia hufuata shinikizo la hewa. Kampala iko takribani mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ina shinikizo la kama kilopaskali 88, wakati usawa wa bahari ni 101.3. Hapo pistonfoni hutoa pungufu ya desibeli 1.2 hivi, na lazima uirekebishe. Usichukue namba ya programu ya hali ya hewa: kwa kawaida hiyo imeshageuzwa kuwa ya usawa wa bahari. Unahitaji shinikizo halisi la mahali uliposimama. Kalibreta za kielektroniki nyingi hujirekebisha, lakini soma kwenye kijitabu chake mipaka ya shinikizo inayoruhusiwa.

Asiye na kalibreta aazime kipima sauti cha daraja la 2 kinachoaminika. Weka vichwa viwili pamoja, mita moja mbele ya spika, piga kelele ya pinki (mvumo wenye masafa yote kwa pamoja) ya kama desibeli 85, vyote viwili kwenye C na mwendo wa polepole, kisha andika kwenye programu namba ya kipima sauti. Usitumie toni moja: ndani ya chumba, sentimita chache tu zinabadilisha usomaji.

Mwisho wa kazi, kabla ya kukunja nyaya, rudisha kalibreta kwenye maikrofoni. Ikiwa usomaji umehama zaidi ya desibeli 0.5, vipimo vya siku hiyo visipelekwe kwa mteja wala kwa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda. Pima upya.