Sikuposa, Nilikuwa Najaribu Maandishi

Kwanza, futeni hiyo video. Pili, sikuposa mtu. Rafiki yangu mmoja, ambaye tangu juzi namwita rafiki kwa mazoea tu, amerusha hiyo video kwenye magrupu akidai nimeposa kwa projekta mbele ya wazee wa mwalo. Hadi jioni habari ilikuwa imeshafika Ujiji, na huko Ujiji wameshanipangia na mahari. Sasa nasimulia mwenyewe. Mkishacheka, mfute.

Kazi ilikuwa kuwaonyesha wavuvi wa Kibirizi, hapa Kigoma, ziwa lao lilivyo chini. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, na kule kusini kuna mahali kina kinafika mita 1,470. Kwa kina, duniani linazidiwa na ziwa Baikal la Urusi peke yake. Bosi akasema anataka ziwa lizunguke lenyewe kwenye ukuta, hataki kuona mtu anahangaika na mausi. Kwenye ParaView, programu ya kugeuza data kuwa picha, jambo hilo unaandikia skripti, yaani orodha ya amri, kwa lugha ya kompyuta ya Python. Hapo ndipo mkosi uliponivaa.

ParaView yenyewe ilianza mwaka 2000, ushirikiano wa Kitware na maabara ya Los Alamos huko Marekani, na wenzetu wanaiendesha kwenye kompyuta zinazojaza ukumbi. Mimi nina laptopu ya RAM GB 4 ambayo betri ilishafariki. Inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu.

Na ParaView yangu haikuwa na Python. Kisa? Niliijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo, yaani maandishi ghafi ya programu, maana rafiki huyohuyo aliniambia anayepakua kitu kilichoiva si fundi. Nikapekua menyu ya View juu chini, Python Shell, lile dirisha la kuandikia amri, hakuna. Nikajaribu njia ya panya: nikafungua python3 ya kawaida, nikaandika import paraview.simple, ikanijibu kwa dharau kwamba haijui moduli yenye jina hilo. Kumbe wakati wa kujenga kuna swichi kwenye CMake, chombo cha kuandaa ujenzi wa programu, inaitwa PARAVIEW_USE_PYTHON, nayo huwa imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe. Basi nikaiwasha, nikaanza upya.

Siku tatu, usiku kwa usiku. Nilipoiambia ijenge vitu vinne kwa pamoja RAM ikajaa, kazi ikauawa katikati. Nikashuka hadi kimoja kimoja, kama mtu anayechambua mchele. Umeme ukikatika, laptopu puu. Ukirudi, inaendelea ilipoishia. Nikaiwekea na mpangilio isilale hata nikifunga kifuniko (hili la kifuniko lishikeni, litarudi). Halafu usiku wa tatu ndio nikaja kusoma kwamba ile ya kupakua, ile iliyoiva, Python imo humohumo tayari. Sitaki kuliongelea.

Saa tisa usiku Python Shell ikatokea. Nilitoa chozi, sikatai. Nikawasha kile kinasa chao kinachoitwa Trace: kila unachobofya, chenyewe kinakiandika kuwa skripti. Ni kama mtoto wa miaka minne, anaona kila kitu, halafu anawasimulia wageni. Nikafungua data ya kina cha ziwa. Nikaweka kichujio cha Warp By Scalar, ambacho kinausogeza uso juu au chini kulingana na namba, nikakipa ukubwa wa 50, kwa sababu bila kukuza ziwa lile kwenye skrini ni bapa kama chapati. Kisha nikaweka maandishi, nione kama herufi zitasomeka kutoka nyuma ya ukumbi.

Sasa mtu wa saa tisa usiku, tumbo tupu, ataandika nini? "Jaribio moja mbili tatu"? Moyo ukajiandikia wenyewe, herufi kubwa, rangi ya njano: DADA WA MIGEBUKA UKIOLEWA MIMI NITAKUFA.

Nikacheka peke yangu, nikazima kinasa. Ndipo nikagundua ziwa limepanda juu badala ya kushuka, kwa sababu kina kiliandikwa kwa namba chanya. Nikaweka alama ya kutoa mbele ya ile 50, ziwa likashuka. Nikafuta na yale maandishi. Safi.

Wa fani mmeshaona. Mimi sikuona. Marekebisho yote niliyafanya kinasa kikiwa kimeshazimwa. Skripti ilibaki na mlima wake na mapenzi yake. Niliijaribu kwa pvpython, chombo cha ParaView cha kuendesha skripti, dirisha likafumba na kufumbua, likajifunga, hakuna kosa lililoandikwa. Nikasema imekubali. Asubuhi nikaiongezea mistari ya kuzungusha kamera nyuzi 360, sikuijaribu tena.

Mkutano uliwekwa siku za mbalamwezi, maana ndipo wavuvi wa dagaa wako nchi kavu. Ukumbi ukajaa. Mgeni rasmi mbele, wazee safu ya kwanza, vijana wamesimama dirishani. Na tenda ya chai (mbona hakuna aliyeniambia?) kapewa yule dada anayeniuzia samaki, mgebuka wa kukaanga, pale Mwanga. Kasimama mlangoni, sinia la maandazi mkononi. Nikamsalimia kwa heshima kabisa. Nikakaa, nikaibandika skripti kwenye Python Shell, nikabonyeza.

Nyuzi ya kwanza. Ukutani ukachomoza mlima. Mita 1,470 mara 50 ni kilomita 73 na nusu. Kilimanjaro ingepandana mara kumi na mbili na isifike. Juu yake, njano, maneno yangu.

Nikakimbilia kitufe cha kusimamisha. Hakuna kinachobonyezeka. Skripti ikiwa inaendeshwa humo ndani, dirisha lote linaganda mpaka imalize, na laptopu yangu inachora nyuzi moja kwa sekunde moja. Pigeni hesabu: dakika sita.

Nyuzi ya 15. Nikafunga kifuniko. Laptopu haikulala, kama nilivyoiamuru. Projekta ikaendelea kwa afya njema.

Nyuzi ya 30. Mzee mmoja akainua fimbo. "Mwanangu, huo mlima uko wapi?"

"Ni ziwa, mzee wangu."

"Ziwa lipi?"

"Letu."

Akawageukia wenzake. "Jamani, kumbe miaka yote hii tunavulia mlimani."

Nyuzi ya 60. Mlima unageuka taratibu, upande wa Kongo unakuja mbele. Maandishi hayageuki. Maandishi ya namna ile yamebandikwa kwenye skrini, hayana habari na kamera, yametulia palepale kama bango la duka. MC, Mungu ambariki, akashika maiki akaanza porojo za kunisitiri, mara karibuni chai, mara maendeleo ya mwambao. Nikaona la kufanya ni kuchomoa umeme. Umeme uliokatika siku tatu mfululizo, siku hiyo umesimama imara kama askari. Na waya wa ekstensheni ulipita chini ya meza ya mgeni rasmi.

Nikapiga magoti. Nikaingia chini ya kile kitambaa. Kulikuwa na jozi ya viatu vyeusi vilivyong'arishwa, soksi moja imeshuka, na plagi tatu, zote nyeupe. Kile kiatu kikajivuta kwa mshtuko. Nikasema, "Samahani mheshimiwa, ni mimi." Kama vile ananijua.

Nikachomoa ya kwanza. Maiki ya MC ikafa.

Ukumbi kimya. Na kwenye kimya hicho, nikiwa nimeinama nimeshika plagi ya spika, nikasikia mzee mwingine, mwenye miwani, anasoma kwa sauti, silabi moja moja, kama mtu wa elimu ya watu wazima: "Da-da. Wa. Mi-ge-bu-ka." Akakohoa. "U-ki-o-le-wa." Akavua miwani. Akaifuta kwa kanzu. Nilimwomba Mungu miwani ivunjike. Akaivaa. "Mi-mi. Ni-ta-ku-fa."

Kimya kidogo. Halafu kule mlangoni nikasikia sinia linatua mezani.

Nikachomoa zote mbili zilizobaki kwa mkupuo.

Mengine hayana urefu. Nilitoka kupitia upande wa jukwaa. Bosi kasema tutaongea Jumatatu. Skripti nimeitengeneza, alama ya kutoa ipo, maandishi hayapo, na wazee wameomba irudiwe, ila wanataka na ule mlima waoneshwe tena. Mgebuka sasa namtuma bodaboda, mimi nabaki huku ofisini. Jana kaniletea, umefungwa vizuri kwenye gazeti, kachumbari imezidishwa, halafu hakuondoka.

"Kuna maagizo," akasema. "Anauliza, ziwa limeshashuka?"