Mkanda wa harusi usihamishwe kwa waya wa njano

Mwezi uliopita mama mmoja alinijia nyumbani Tanga akiwa na mfuko wa kaki. Ndani mlikuwa na mikanda sita ya MiniDV, ile midogo inayozidi kiberiti kidogo tu, pamoja na VCD mbili zilizochubuka. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, na kabla hata ya kunywa maji akasema: "Mwanangu, nimeambiwa wewe bado una mashine inayosoma hivi. Nataka kumsikia mama yangu."

Mama yake alishafariki. Mahali pekee anapoonekana akitembea na kuzungumza ni kwenye mkanda wa harusi ya mjukuu wake, pale bibi anapowakalisha maharusi mkekani na kuwapa nasaha. VCD zilitengenezwa kutokana na mkanda huohuo, kwa hiyo tukazitazama kwanza. Bibi yupo, lakini uso umefutika kama picha iliyolowa maji, wekundu wa kanga umemwagikia mkono wa bibi harusi, na kila anapoinua kidole kinaacha kivuli nyuma yake. Mama akashusha pumzi. "Ndiyo umeshakufa huo mkanda?"

Nikautia mkanda kwenye kamera, nikaiunga kamera na laptopu yangu kuukuu kwa waya wa FireWire, ule unaoingia kwenye tundu la kamera lililoandikwa DV, nikabonyeza. Bibi yuleyule akatokea, amevaa kanga ambayo jina lake linasomeka mpaka herufi ya mwisho: NANI KAMA MAMA. Yule mama hakuitazama tena harusi. Alisogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza, akawa anaisoma ile kanga kwa sauti ya chini.

Tangu siku hiyo nimekuwa na hasira ambayo haijaniisha. Mkanda ulikuwa mzima miaka yote hii. Familia iliishi na picha mbovu kwa sababu aliyeuhamisha alitumia nyaya tatu za rangi, njano, nyekundu na nyeupe, akaziunga na kile kidude cha USB kinachouzwa kila mahali, akalipwa, akaondoka. Nasema wazi: kuhamisha mkanda wa MiniDV kwa waya wa njano, wakati tundu la DV lipo upande wa pili wa kamera ileile, ni kumpunja mteja. Na kwa kuwa mteja hajui kuna njia nyingine, sisi tunaojua ndio tunaopaswa kusema.

Wengi hudhani mkanda ni mkanda, kwamba MiniDV ni VHS iliyopungua mwili. Sivyo. Tangu aina hii ilipotoka mwaka 1995, picha yake imekuwa ikiandikwa kwa tarakimu, kama faili lolote la kompyuta, ila limeandikwa juu ya utepe wenye upana wa milimita 6.35. Ndani ya kamera kuna ngoma inayozunguka mara 9,000 kwa dakika, nayo huandika mistari ya mshazari yenye upana wa maikroni 10. Unywele wa mtu ni mnene mara kadhaa kuliko mstari huo. Kwa mfumo wa televisheni wa PAL, ambao ndio wetu, fremu moja ya picha huchukua mistari 12 ya namna hiyo, na kila sekunde zinapita fremu 25.

Sasa ukitoa picha hiyo kwa waya wa njano, kamera inalazimika kuzigeuza zile tarakimu kuwa mawimbi ya umeme, ichanganye rangi na mwanga ndani ya waya mmoja, halafu kidude cha USB kijaribu kuvitenganisha tena na kuvirudisha kuwa tarakimu. Mwisho wake mtu anaibana picha iingie kwenye VCD, yenye nukta 352 kwa 288, wakati mkanda wenyewe una 720 kwa 576. Robo tatu ya nukta zimetupwa. Herufi za kanga zilipotelea hapo.

FireWire haigeuzi chochote. Inazichukua tarakimu zilizo kwenye utepe na kuzipeleka kwenye diski jinsi zilivyo. Waya huu ulitokana na kazi ya Apple pamoja na kampuni nyingine, ukapewa namba ya kiwango IEEE 1394 mwaka 1995, na Sony wakauita i.LINK. Ndiyo maana kwenye kamera utakuta pameandikwa "i.LINK" au "DV" tu, juu ya kitundu kidogo chenye pini 4. Mkanda wa saa moja unatoa faili la takriban GB 13, na huchukua saa moja kamili kuhamia, kwa sababu kamera inaucheza kama kawaida. Hakuna njia ya mkato. Kompyuta ikilemewa katikati ya safari, fremu zinazopotea hazirudiwi, kwa hiyo mimi nikianza kuhamisha sifungui kitu kingine chochote.

Kuna jambo jingine ambalo waya wa njano hauwezi kulibeba hata ukiwa wa dhahabu. Kamera ya DV inapoandika picha huandika pia tarehe na saa ya kila fremu, pembeni, pasipoonekana kwenye skrini. Ukihamisha kwa FireWire tarehe inakuja nayo. Programu ndogo kama WinDV kwenye Windows, au dvgrab kwenye Linux, zinaweza kuusoma mpangilio huo na kuukata mkanda vipandevipande kila mpiga picha alipozima na kuwasha kamera, na kila kipande kikapewa jina la tarehe na saa yake. Kile cha bibi kilijiandika 2004-08-14, saa 10 na dakika 32 jioni. Jumamosi. Mama yule alikuwa na hakika harusi ile ilikuwa 2005. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole, akasema, "Kumbe baada ya pale mama alikaa nasi mwaka mzima zaidi."

Sasa suala la kompyuta, ambalo ndilo linalowakwamisha watu. Laptopu za siku hizi hazina tundu la FireWire. Mtu anaingia dukani, anauliza waya wa kutoka DV kwenda USB, na anauziwa. Mimi mwenyewe niliuziwa mmoja Kariakoo, wenye kichwa cha pini 4 upande mmoja na USB upande wa pili. Kompyuta haikuona kitu, na tundu la DV la kamera ile halikufanya kazi tena tangu siku hiyo. Waya wa namna hiyo hauna chochote ndani zaidi ya shaba. USB inataka kompyuta iwe bwana na kifaa kiwe kinaamriwa, ilhali FireWire imejengwa kwa vifaa kuzungumza kama walio sawa, kwa lugha nyingine kabisa. Huwezi kuunganisha pini mbili za lugha tofauti ukategemea zielewane. Nayo FireWire ya kichwa kikubwa, chenye pini 6, inabeba umeme ambao kwa kiwango chake unaweza kufika volti 30. USB ya kawaida imezoea 5. Ukiona waya kama huo, uache dukani. Na lile tundu la USB lililopo kwenye kamera yenyewe, kwa kamera nyingi ni la picha mnato za kwenye kadi. Mkanda haupiti huko.

Ushauri wangu ni wa mtu aliyehangaika: acha kuilazimisha laptopu mpya. Tafuta kompyuta ya zamani. Kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika bado unaweza kukuta Dell Latitude E6400, ThinkPad T400 au HP EliteBook 8440p, laptopu za ofisini za miaka ile, zenye tundu la 1394, yaani FireWire, ubavuni. Watu wanazipita kwa sababu ni nzito na betri zimechoka. Mimi nazinunua. Ukiwa na kompyuta ya mezani yenye nafasi ya kadi ya PCIe, weka kadi ya FireWire yenye chipu ya Texas Instruments au VIA, kazi imekwisha. Kwenye Windows ujue kwamba kuanzia Windows 8 draiva ya zamani ya FireWire, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi, haimo tena ndani ya mfumo, na kamera nyingine hazielewani na ile mpya mpaka uirudishe ya zamani.

Kwa watumiaji wa Mac njia ilikuwepo, ndefu lakini inapitika: adapta ya kutoka Thunderbolt 3 kwenda Thunderbolt 2, juu yake adapta ya kwenda FireWire 800, kisha waya wa pini 9 kwenda 4. Ilifanya kazi hata kwenye Mac zenye chipu za M. Lakini macOS 26, iliyotoka 2025, imeiondoa FireWire kabisa. Kama una mikanda nyumbani na Mac yako bado iko kwenye toleo la nyuma, nakusihi usibonyeze hilo sasisho kabla hujamaliza. Kwenye Linux mlango bado uko wazi, na Takashi Sakamoto, anayeitunza sehemu hiyo ya mfumo, ameshatangaza kuwa ataendelea nayo mpaka 2029. Nampa heshima zote. Ni mtu anayebeba mzigo ambao kampuni kubwa zimeutua, na ametuachia muda wa kujipanga.

Skana ni habari nyingine, nami siilii sana. Zipo nzuri za FireWire: Nikon Coolscan 4000, 8000 na 9000 za kusomea negativu, na zile Flextight za Imacon na Hasselblad ambazo programu yake, FlexColor, ilikwama Apple ilipoziacha programu za biti 32 mwaka 2019. Mwenye Coolscan aiunge na kompyuta kuukuu ileile, atumie programu ya VueScan, ataendelea vizuri. Mwenye Epson V700 asihangaike hata kidogo, ina tundu la USB pia. Lakini negativu ni kitu unachoweza kukishika mbele ya dirisha ukakiona kwa macho. Skana ikifa, utaipiga picha kwa kamera yenye lenzi ya karibu na utapata matokeo mazuri. Mkanda wa DV hauna dirisha. Bila kamera inayocheza na waya unaofaa, ni plastiki tu.

Na kamera ndizo zinazoniogopesha kuliko waya. Kadi ya FireWire bado unaweza kuipata. Hedi, yaani kichwa kinachousoma utepe, ya kamera ya mwaka 2001 huipati. Hapa pwani unyevu unaingia kila mahali. Nimefungua maboksi ya mikanda nikakuta ukungu mweupe pembezoni mwa utepe. Mkanda wa namna hiyo usiutie kwenye kamera hata kwa majaribio, maana ukungu utahamia kwenye hedi na kila mkanda utakaofuata utakuwa na chenga za vibokisibokisi. Mikanda mingine mibovu niliyoletewa ilikuwa imehifadhiwa juu ya kabati, chini ya bati, Tanga, Desemba mpaka Machi. Nawaelewa, kwani wapi kwingine watu wangeiweka? Ila kama yako iko huko, ishushe leo, uirudishe kila mmoja mwanzo wake, uisimamishe wima ndani ya kopo lenye kifuniko.

Unapochomeka, zima kamera na kompyuta kwanza. Kile kichwa cha pini 4 ni laini, ukikisukuma kwa pembe kinapinda. Shika plagi yenyewe, usivute waya.

Faili ukishalipata lihifadhi jinsi lilivyo, GB 13 na zote, kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili. Kutoka hapo tengeneza nakala ndogo ya kutuma WhatsApp. Watu hufanya kinyume: wanabana faili, wanatuma kwenye kundi la familia, wanafuta kubwa kupata nafasi. Na mkanda nao usitupwe.

Mikanda mitano ya yule mama imeshapita salama. Wa sita una sehemu katikati, kama dakika mbili hivi, ambapo picha inavunjika, na kwenye kamera ya kwanza hazikusomeka kabisa. Nimeazima kamera nyingine kwa rafiki aliyekuwa akipiga picha za harusi Pangani, maana wakati mwingine hedi moja hukataa mstari ambao nyingine inaukubali. Nimeupitisha mkanda humo mara mbili. Mara ya pili sauti imekuja yote, na picha imepungukiwa sekunde kama tisa. Kesho asubuhi, kabla jua halijapasha chumba, nitajaribu mara ya tatu.