Mtoto wa Kaptembwo Acheze Wapi?

Alhamisi iliyopita nilikaa kwenye kiti cha plastiki saa tatu nzima, kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu pesa za ruzuku na miradi ya mji wetu wa Nakuru. Ukumbi ulijaa. Watu walisimama mmoja mmoja wakataja mtaro, barabara, taa, kisha mtaro tena. Mama mmoja wa makamo, mwenye sauti ndogo, akaomba mtaa wetu utengewe uwanja wa watoto wenye bembea na kivuli. Kabla hajamaliza, bwana mmoja wa mstari wa mbele akageuka akamuuliza, "Mama, watoto watakula bembea?" Ukumbi ukaangua kicheko. Wengine wakapiga makofi. Mama akaketi, akaukumbatia mkoba wake, na hakufungua kinywa tena mpaka tukafunga kwa maombi.

Swali lile limenikaa rohoni siku tano. Nilikuwa nimeketi safu mbili nyuma ya yule mama na sikusimama kumtetea. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, na ndiyo maana naandika.

Nianze na Brayo. Ana miaka tisa, mtoto wa jirani. Ploti yetu ina vyumba kumi na viwili na mfereji mmoja, na geti lake linafungukia barabarani. Saa kumi na moja jioni, akishatoka shule na kuteka maji, Brayo anatoka na mpira wake. Sisi tulikua tukicheza mpira wa juala, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, kwa hiyo yeye anautengeneza kwa matambara. Anayakunja, anayakaza kwa nyuzi alizofumua kutoka gunia la mahindi, kisha anazungushia vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli ili mpira udunde. Nimemtazama akifanya kazi hiyo, ulimi nje, vidole vimekaza, kwa makini kuliko fundi viatu. Goli ni mawe mawili ng'ambo ya barabara. Wanacheza kidogo, mmoja anapiga kelele "gari!", wote wanarukia kando na mpira unabaki katikati. Wanangoja vumbi litulie, wanaanza upya. Mwezi jana mwenzake alipitiwa na bodaboda mguuni. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, lakini alikaa ndani wiki tatu. Siku ya kwanza alipotoka, alirudi pale pale barabarani. Angeenda wapi?

Nilijiuliza hivyo nikaamua kupima. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani imependekeza kwamba mkazi wa mji awe na eneo la kijani lisilopungua nusu hekta ndani ya mita 300 kutoka nyumbani kwake, mwendo wa dakika tano hivi. Ulaya ni Ulaya, sawa, lakini dakika tano za mtoto wa kule na dakika tano za Brayo ni zile zile. Nilitoka getini nikahesabu hatua mia nne kila upande. Nilipita kinyozi, duka la M-Pesa, muuza makaa, kanisa la mabati, ghorofa inayojengwa, kinyozi wa pili, na jaa la taka ambapo mbuzi wawili walikuwa wakila maganda ya viazi. Sikukuta mahali pa mtoto kurusha mpira. Nikaongeza hatua mpaka elfu mbili. Bado.

Ukishuka upande wa mtaa wa Rhonda unafika mwisho wa mji, kwenye ua wa stima wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Kilomita za mraba 188, hifadhi ya taifa tangu 1968. Simchukii kifaru, na sitaki apunguziwe hata hatua moja ya ardhi yake. Lakini nenda ukasimame pale jioni uone. Ndani ya ua ni nyasi na miti mpaka macho yachoke. Nje ya ua watoto wamejipanga wakiangalia nyani, na chini ya miguu yao ni taka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 570,674 katika mji huu. Tarehe 1 Desemba 2021 tukapewa hati ya kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tulishangilia, nami nilishangilia. Na jiji hilo lina mitaa ambayo mtoto anaweza kumaliza utoto wake bila kukimbia mita hamsini mfululizo pasipo kukwepa pikipiki.

Sasa kuhusu pesa. Yule bwana alizungumza kana kwamba yule mama anataka kuiba ya mtaro. Mpango wa kusaidia miji ya Kenya, KUSP, ulioanza 2018 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulileta ruzuku kwa miji 59 katika kaunti 45, Nairobi na Mombasa zikiachwa nje, na kazi zilizoruhusiwa zilitajwa waziwazi: taka na maji taka, mifereji ya maji ya mvua, barabara na njia za miguu na taa, zimamoto, halafu masoko, bustani na viwanja. Ombi la yule mama limo kwenye orodha ile ile yenye mtaro wa yule bwana. Na viwanja vya burudani ni kazi ya kaunti kwa Katiba yenyewe, Jedwali la Nne, sehemu ya pili. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inampa kila mtoto haki ya kucheza. Mama alikuwa anadai haki, akachekwa kama aliyeomba keki.

Tena tusisahau kwamba ruzuku inayofika kwetu hivi imetokana na deni, na deni la namna hiyo hulipwa kwa miaka mingi. Brayo atakuwa na kazi na kodi inakatwa kabla halijaisha. Ikiwa atalilipa yeye, kuna ubaya gani likamjengea yeye kitu kimoja angali mdogo wa kukitumia?

Nakubali, mitaro yetu ni aibu. Mvua ya Aprili ikinyesha maji yanaingia mpaka chini ya vitanda, na upande wetu wa mji ardhi yenyewe hupasuka. Siwezi kumwambia mtu aliyeamka akichota maji kwa sufuria kwamba asubiri bembea kwanza. Kama ni lazima kimoja kitangulie, mtaro utangulie. Lakini na yeye akubali kwamba kiwanja chenye nyasi na miti hunywa maji, ilhali ua uliomwagwa saruji huyasukuma yote mlangoni kwa jirani.

Na uwanja mkubwa? Wengi wananitajia Afraha, ulioanza kujengwa upya mwaka 2021 kwa pesa hizo hizo. Najivunia Afraha. Ila kutoka kwetu mpaka huko ni matatu, na mama mwenye watoto watatu akilipa nauli ya kwenda na kurudi amekwisha kula unga wa siku mbili. Tena uwanja wa namna ile una geti na ratiba. Mtoto wa miaka tisa hana ratiba, ana saa moja kati ya kuteka maji na giza.

Kuna jambo ambalo halikutajwa kabisa pale ukumbini, nalo ni wasichana.

Wavulana angalau wana ile barabara. Dada yake Brayo ana miaka kumi na mmoja. Mpaka mwaka jana alikuwa akicheza kati na wenzake kwenye uchochoro nyuma ya ploti, na alikuwa hodari hasa: wawili wanarusha, yeye katikati anapinda mgongo, anaruka, anachutama, mpira unapita sikioni bila kumgusa. Nilikuwa nikiacha kufua ili nimtazame. Kisha kando ya uchochoro ule likafunguliwa banda la pombe, na vijana wakaanza kuketi hapo tangu mchana. Maneno waliyomrushia siyaandiki. Mama yake alimwita ndani siku moja na mchezo ukaishia hapo. Hakuna aliyetangaza. Siku hizi saa kumi na moja anakaa kizingitini akimlea mdogo wao, na nikipita ananisalimu, "Shikamoo auntie," kwa sauti ya mtu mzima. Miaka kumi na mmoja!

Kila mzazi wa mtaa huu anajua msichana kama huyo. Tunasema amekomaa, ameacha michezo. Hakuacha, amekosa pa kuchezea. Kati haitaki vifaa vya milioni, inataka uwazi wa hatua ishirini ambapo mama anaweza kuketi akiona, bila mlevi ubavuni. Ndiyo sababu bustani nzuri ya katikati ya mji haitamfaa huyu. Mama yake hawezi kumpeleka kila jioni akaacha biashara ya mboga. Ya kumfaa ni ile anayoweza kuitwa kutoka humo kwa sauti ya kawaida, "Njoo, ugali umeiva."

Nisieleweke pia kwamba nataka mchuuzi afukuzwe ili pasimikwe bembea. Kule Kisumu wachuuzi wa soko la Oile waliondolewa pakawa bustani, na mama mboga ni mzazi kama mwingine.

Wengine watauliza ardhi iko wapi. Ilikuwepo. Nyumba za zamani za manispaa zilijengwa kwa kuacha uwazi, na wazee wa mitaa ya Flamingo na Kivumbini hapa mjini watakuonyesha walikochezea gozi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma, viwanja vya michezo vikiwemo, ilivyogawiwa watu binafsi nchini kote. Ardhi ya watoto ndiyo rahisi kuchukuliwa kwa sababu mwenyewe hana hati, hana wakili, na saa mbili usiku amelala.

Na pesa ikija, naomba isiishie kwenye geti la chuma na kibao cha uzinduzi. Mwaka huu nilimpeleka mpwa wangu kwenye bustani moja, sitaitaja. Rangi ilikuwa bado mbichi machoni. Choo kilikuwa na kufuli. Mfereji ulikohoa hewa tu. Bembea tatu, moja imebaki minyororo miwili inayoning'inia, na mtelezo ulikuwa wa bati tupu, juani, saa saba mchana. Mtoto aliuketia akaruka akilia. Hapakuwa na mti hata mmoja, kwa hiyo mama zao tulisimama ukutani kwenye kivuli chembamba cha choo kilichofungwa. Ruzuku hujenga. Mshahara wa mtu mwenye ufunguo na mpira wa kumwagilia maji unatakiwa kutoka kwenye bajeti ya kila mwaka, na hilo ndilo swali ninalotaka mwakilishi wadi ajibu kabla hajakata utepe. Nani atafungua choo asubuhi? Jina lake nani, analipwa na nani?

Sisi hatudai mengi. Tunataka karibu ekari moja, ua mfupi, mfereji, choo, miti ya kivuli, mtunzaji mmoja. Bembea zikipatikana, vizuri. Zisipopatikana, Brayo ana mpira wake.

Jumamosi nilimtafuta yule mama wa kikao. Anauza omena karibu na stendi, na aliponiona alidhani nimekuja kununua. Nilimwomba msamaha kwa kunyamaza. Alinitazama kidogo, akafunika omena kwa gazeti, akaniambia, "Twende nikuonyeshe." Tukaenda, na mzee wa nyumba kumi akatufuata. Kuna kiwanja nyuma ya zahanati ambacho kila mtu hapa anajua ni cha umma. Tulikipima kwa miguu: hatua tisini kwa hamsini. Kina mkuyu mmoja mkubwa. Jiwe la mpaka bado lipo upande wa juu, limefunikwa na magugu, na mzee aliyafyeka kwa panga ili tulione.

Katikati ya kiwanja kulikuwa na kokoto, lori zima, zimemwagwa siku si nyingi. Mzee hakujua ni za nani. Tukauliza zahanati, hawakujua. Tukauliza nyumba za jirani, hawakujua pia.

Mpaka jioni jana tulikuwa na sahihi za wazazi arobaini na mmoja, na kesho asubuhi mimi na mama wa omena tunapeleka barua ofisini, nakala mbili, moja igongwe muhuri turudi nayo. Kama unakaa mtaa huu na hujatia sahihi, karatasi iko kwake pale stendi mpaka saa moja usiku. Tulipoondoka kiwanjani watoto sita walikuwa tayari wamepanda lile rundo la kokoto, wanateremka kwa makalio, wanapanda tena.