Nipeli Iliyoshiba

Siku niliyokabidhiwa eskaveta ya tani 20, fundi aliniambia neno moja tu: "Kijana, nipeli ikikosa grisi, pini inakufa." Nipeli ni kile kichuchu cha kuingizia grisi, na pini ni chuma kinachoshika kiungo. Angejua anaongea na nani, angeongeza maneno.

Kesho yake alfajiri niko saiti, bomba la grisi begani kama bunduki. Nikaanza na pini za kijiko, maana hizo hushinda matopeni. Kila nipeli naifuta kwanza, la sivyo mchanga unausukuma ndani mwenyewe, kisha nabonyeza mpaka grisi mpya iifukuze ile nyeusi. Kazi safi kabisa. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Ubavuni, kwenye fremu ya cheni ambayo mashine hutembelea, nikaona kitundu. Ndani yake nipeli imejikunyata peke yake. Maskini, hii wameisahau! Nikabonyeza. Grisi haichomozi. Nikabonyeza tena na tena mpaka mkono ukafa ganzi, nikijisemea, hii ina njaa ya miezi. Nikahamia upande wa pili, mwenzake asije akanuna.

Kuwasha na kusogea, mashine ikalia kilio cha msibani. Cheni, ambayo huwa inaning'inia kidogo, imewambika kama ngozi ya ngoma.

Fundi akatoka mbio, mikono juu. "Zima! Umepiga grisi wapi?"

"Kote, mzee."

"Kote wapi?"

Nikamwonyesha, tena kwa fahari. Akashika kiuno. Kumbe nipeli ile hailainishi chochote. Grisi yake husukuma pistoni, pistoni ikasukuma gurudumu la mbele, cheni ikakaza. Ikikaza hivyo, pini za cheni, bushi zinazozizunguka na meno ya sproketi, lile gurudumu linaloizungusha cheni, vinasagana hadi viishe. Mimi niliyekuja kuirefushia mashine maisha!

Kuilegeza nako ni kwa adabu: valvu inafunguliwa taratibu, uso mbali, kwa sababu presha ya mle inaweza kutoboa ngozi. Fundi akavua koti lake jipya, akalitandika apige magoti pembeni, akazungusha spana kidogo. Grisi ikatoka polepole, nene, kama chatu anayehama nyumba. Ikajikunja yote juu ya koti.

Hakunisemesha siku nzima. Asubuhi nilipofika, kando ya kile kitundu nikakuta maandishi ya rangi nyeupe: IMESHIBA.