Simba Uani, Duma Sebuleni: Hoja za Wanaotaka na Wanaopinga

Kila msimu wa Sabasaba, banda la Wizara ya Maliasili na Utalii katika viwanja vya Barabara ya Kilwa hufurika watu waliokuja kumwona simba kwa macho yao, na wengi wao ni wakazi wa Dar es Salaam ambao hawajawahi kufika Mikumi wala Serengeti. Mapenzi hayo ni ya kweli na hayastahili kubezwa. Siku hizi, hata hivyo, simu za mkononi zinatuletea video za matajiri wa nchi za Ghuba wakiendesha magari huku duma ameketi kiti cha mbele, na watoto wa simba wakinyweshwa maziwa kwa chupa juu ya makochi. Kutokana na video hizo limezuka swali ambalo sasa linajadiliwa hata hapa kwetu: mtu mwenye kiwanja kikubwa Kigamboni au Mbezi, mwenye ukuta mrefu na fedha za kununulia nyama, azuiwe kwa sababu gani kumfuga simba, duma au mondo, yule paka wa porini mwenye madoa, nyumbani kwake?

Wanaotetea ufugaji huo hawabahatishi. Wanakumbusha kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, ingawa inawaweka wanyamapori wote kuwa mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, inaruhusu watu binafsi wenye leseni kuanzisha bustani, mashamba na ranchi za wanyamapori. Kigamboni kwenyewe ipo bustani ya binafsi ambako familia za mjini huwapeleka watoto wao siku za mapumziko. Ikiwa mtu mmoja anaruhusiwa kumweka mnyama kwa ajili ya kiingilio, wanauliza, mwingine anakatazwaje kumweka kwa mapenzi tu, bila kumtoza mtu senti? Swali hilo ni zuri, na wapinzani wengi hulikwepa.

Hoja yao nyingine inatoka kwa jirani zetu wa Kenya. Mtu na mkewe, George na Joy Adamson, walimlea Elsa, simba aliyezaliwa mwaka 1956, wakamrudisha porini, akawinda na kuzaa huko kabla ya kufa kwa maradhi mwaka 1961. Miaka michache baadaye, simba mwingine aitwaye Christian, aliyenunuliwa katika duka la Harrods mjini London mwaka 1969, alipelekwa kwa George Adamson huko Kora, naye akalizoea pori. Watetezi huitaja mifano hii kuonyesha kwamba mkono wa mtu haumharibu simba, na kwamba upendo uliopatikana hapo ulikuwa wa kweli.

Ni kweli, ulikuwepo upendo. Lakini hapo hapo Kora, mwaka 1971, simba dume aliyeitwa Boy, ambaye alikuwa amelelewa na kuzoea watu kwa miaka mingi, alimuua msaidizi wa kambi aliyeitwa Stanley, na Adamson mwenyewe ikambidi ampige risasi simba aliyempenda. Adamson hakuwa mgeni wa simba. Alikuwa askari wa wanyamapori kwa muda mrefu, akiishi nyikani ambako jirani wa karibu yuko mbali. Mfano huo ukihamishiwa Mikocheni au Tabata, ambako ukuta mmoja unazigawa familia mbili na watoto hufuata mpira wao popote ulipoangukia, hauwezi tena kutumika kuutetea ufugaji wa nyumbani.

Pamoja na hayo, naona mjadala wetu unatumia muda mwingi mno kwenye hatari kwa majirani na muda mchache mno kwenye swali lililo zito zaidi: yule mtoto wa duma ametoka wapi? Wafalme wa Kimughal wa India walifuga duma wa kuwindia kwa vizazi kadhaa, na mmoja wao, Akbar, anatajwa kuwa na duma wapatao 1,000. Walikuwa na watunzaji hodari, nyama tele na nafasi kubwa. Hata hivyo, katika kumbukumbu zao zote umeandikwa uzao mmoja tu, enzi za mwanawe Jahangir. Hii ina maana kwamba karibu kila duma aliyefungwa kamba katika makasri yale alikamatwa porini, na alipokufa alikamatwa mwingine wa kuziba pengo. Ukamataji huo, pamoja na uwindaji na kupotea kwa makazi, uliwamaliza duma wa India, na mwaka 1952 nchi hiyo ikatangaza rasmi kwamba hawapo tena.

Njia ya leo haijabadilika sana. Watoto wa duma hunyang'anywa mama zao katika Pembe ya Afrika, hupitishwa Somaliland, huvushwa Ghuba ya Aden hadi Yemen, kisha hufikishwa kwa wanunuzi. Wengi hufa njiani. Anayenusurika mara nyingi hulishwa mnofu mtupu, bila mifupa wala virutubisho, na kwa kukosa madini ya chokaa mifupa yake hulainika, miguu hupinda, na kuruka kutoka kwenye kochi kunatosha kumvunja. Duma waliobaki porini duniani kote wanakadiriwa kuwa 7,000 au pungufu, kwa hiyo kila mtoto anayeibwa ni hasara inayoonekana. Falme za Kiarabu zenyewe, zilizokuwa soko kubwa, zilitunga sheria mwaka 2016 kuwazuia watu binafsi kufuga wanyama hatari. Itakuwa ajabu sisi tulio na duma porini tuanze pale wenzetu walipoachia.

Nasi tunayo majeraha yetu. Mwaka 2010 wanyama hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga, waliondoshwa nchini kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro kwa ndege iliyowapeleka Qatar. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na Juni 2022, ilipotangazwa kwamba usafirishaji huo ungeruhusiwa kwa muda, wananchi walipaza sauti na tangazo likasitishwa ndani ya siku chache. Jamii iliyokuwa na msimamo huo kuhusu wanyama wanaokwenda nje inapaswa kuwa nao pia kuhusu wanaokwenda uani kwa mtu.

Gharama nazo hazisemwi waziwazi. Simba mzima hula wastani wa kilo tano za nyama kwa siku au zaidi, na akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 20. Kwa bei za buchani Dar es Salaam, ambako kilo moja haipungui sana shilingi 10,000, huyo anahitaji kiasi cha shilingi milioni moja na nusu kila mwezi kabla ya kumlipa daktari wa mifugo mwenye ujuzi wa wanyamapori. Yapo pia maradhi: mwaka 1994 virusi vilivyohusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani viliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mji wetu umejaa mbwa wasiochanjwa. Na mwenye mali akifa au akifilisika, mnyama aliyemzoea mtu hawezi kuachiwa tu porini. Huko Ohio, Marekani, mwaka 2011, mfugaji aliwafungulia wanyama wake kadhaa, wakiwemo chui milia 18, kisha akajiua. Polisi waliwaua karibu wote.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali la watetezi, kwamba kwa nini bustani iruhusiwe na nyumba ikatazwe, ni kwamba mpaka uwekwe kwenye mambo yanayokaguliwa: asili ya mnyama, eneo, daktari, na mrithi wa jukumu hilo. Bustani iliyo wazi kwa umma na kwa wakaguzi inaweza kuyaonyesha hayo. Nyumba ya mtu, yenye geti lililofungwa, haiwezi, na kwa sababu hiyo naunga mkono zuio kamili la simba, chui, duma, na hata mondo na simbamangu, paka wa porini walio wadogo zaidi, majumbani. Kwa mnyama ambaye tayari yuko mikononi mwa mtu, sheria ya Marekani ya Desemba 2022 imeonyesha njia inayofaa kutazamwa: mmiliki aliyekuwa naye alitakiwa kumsajili, akaruhusiwa kubaki naye hadi mwisho wa maisha yake, lakini akakatazwa kumzalisha, kuongeza mwingine, au kuwaruhusu wageni kumshika.