Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Unashikwa Wapi

Kuanzia mwisho wa Novemba, mvua zinapokaribia kukatika, wakulima wa huku Kigumba na Bweyale, Uganda, huanza kunipigia simu kwa jambo lile lile. Mmoja anataka kuchimba bwawa la samaki, mwingine ana mtaro wa bomba la maji kutoka kisimani hadi zizini, mwingine visiki vimemjaa shambani. Trekta limeegeshwa chini ya mwembe, plau haina kazi mpaka Machi. Basi mtu anajiuliza: kwa nini nisinunue mkono wa kuchimbia wenye kijiko, nikaufunga nyuma ya trekta, chuma hiki kikanilipa kiangazi chote?

Wazo ni zuri, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu uko kwenye maswali tunayomuuliza muuzaji. Tunaanza na kina: unachimba futi ngapi? Kisha bei. Swali lililopaswa kutangulia wengi hawaliulizi kabisa: mkono huu unashikwa wapi na trekta?

Nimelijua swali hili kwa hasara. Mwaka 2019 mimi na kaka yangu tulinunua mkono uliotumika kwa ajili ya Massey Ferguson 265 aliyotuachia mzee. Muuzaji alituambia, "Ssebo (bwana), huu ni wa pini tatu tu. Mnaufunga kama plau, dakika kumi mko kazini." Na kweli, tuliufunga kama plau. Mtaro wa kwanza ulitoka vizuri, udongo laini, sote tukafurahi. Wiki ya pili kijiko kikanasa chini ya mzizi wa muvule. Kaka akavuta levya kukirudisha kwake. Mzizi haukutikisika. Kilichonyanyuka ni mkono mzima, pamoja na kiti alichokalia, ukaanza kupanda kuelekea trekta huku mgongo wake ukisogezwa kwenye madigadi. Aliponyoka kwa sababu aliachia levya kwa wakati. Tulipokagua, topu linki, ile fimbo ya juu inayouunganisha mkono na trekta, ilikuwa imepinda kama upinde.

Tukanunua topu linki mpya, tukaendelea. Hapo ndipo tulipokosea kuliko mwanzo. Siku chache baadaye niliona tope lililolowa mafuta chini ya trekta, katikati, pale giaboksi inapoungana na sehemu ya nyuma. Nikapangusa kwa kitambaa. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye tundu la bolti na kushuka kama kiganja kimoja. Nilipangusa tena, nikasubiri. Mafuta yakarudi polepole kwenye mstari ule ule. Ilibidi trekta lifunguliwe katikati, tutafute kasha la chuma lililotumika, na mvua za Machi zikatukuta tunakodi trekta la jirani kulima shamba letu wenyewe.

Sababu ni hii. Mhandisi Harry Ferguson alipobuni ule ufungaji wa pointi tatu, ndizo hizo pini tatu, miaka ya 1920, alikuwa anawaza plau. Plau huvutwa mbele na udongo huivuta chini, kwa hiyo mikono ya nyuma ya trekta ilihitaji nguvu ya kuinua tu. Mpaka leo, kwenye matrekta mengi ya shambani, haidroliki inainua mikono hiyo lakini haiikandamizi chini. Ukiishika kwa mkono na kuipandisha, inapanda. Sasa fikiria kijiko kimejikita ardhini na silinda inakivuta kwa nguvu zake zote. Ardhi ikigoma, kitakachosogea ni kile kisichozuiwa, nacho ni mkono ulioukalia.

Halafu kuna mwili wa trekta lenyewe. Lori lina chasi, vyuma viwili virefu vinavyobeba kila kitu. Massey zetu hizi hazina. Injini, giaboksi na difu zimefungwa kwa bolti moja nyuma ya nyingine, na makasha yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Ni chuma cha kumimina, ambacho hakipindi kikakuonya. Kinapasuka.

Ndiyo maana nasema bila kuyumba: usinunue mkono unaoning'inia kwenye pini tatu peke yake. Nunua wenye fremu yake, inayopita chini ya trekta kutoka kwenye ekseli ya nyuma hadi karibu na ekseli ya mbele, ili nguvu ya kuchimba ipite kwenye fremu badala ya kupita kwenye makasha. Ni ghali zaidi, kuufunga si kazi ya dakika kumi, na fremu ya 265 si lazima ikae kwenye 240 au 290. Muuzaji akikuambia "fundi ataitengeneza hapo Katwe", mtaa wa mafundi wa Kampala, mafundi wa Katwe ni hodari na nawaheshimu, lakini trekta lako liwepo pale likipimwa. Fremu isichomelewe kwa kukisia.

Jambo la pili ni mafuta. Pampu ya ndani ya Massey za zamani ilikusudiwa kuinua plau, na mafuta inayotoa ni machache. Mkono utachimba kinyonge, na mafuta yale yale ya giaboksi na difu yatazungushwa yakiwa ya moto kutwa nzima. Tafuta mkono wenye tangi lake na pampu yake inayofungwa kwenye shafti ya PTO, ile ya nyuma ya trekta inayotoa nguvu ya injini, mizunguko 540 kwa dakika. Na shafti hiyo iwe na kifuniko. Shambani kwetu kina mama huja na chai wakiwa wamevaa gomesi, yale magauni marefu, na shafti inayozunguka haichagui nguo.

Ukiwa mbele ya mkono uliotumika, mwambie muuzaji aunyanyue juu kabisa, azime injini, kisha msimame mbali mwongee mengine kwa robo saa. Ukishuka wenyewe, sili au vali zimekwisha. Shika kijiko ukitikise: kikicheza, pini na bushi zimelika. Pitisha macho kwenye fimbo za silinda uone mikwaruzo. Mipira ya haidroliki usiikague kwa kidole hata siku moja, maana mafuta yenye presha hutoboa ngozi na jeraha lake huwa dogo kwa nje tu. Tumia kipande cha boksi.

Kina? Mita mbili zinatosha kwa mambo mengi ya shamba, na kwa mtaro wa bomba kijiko cha sentimita 30 kinakusaidia kuliko kipana. Mtu asishuke kwenye shimo lililomzidi kifua bila kuta kutegemezwa. Meta moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani na zaidi.

Na kama kazi yako ni bwawa moja na mtaro mmoja, kodi. JCB ya kukodi, yaani mashine kamili ya kuchimbia, ina uzito wa tani zipatazo nane na imeundwa kwa kuchimba tangu mwanzo. Siku mbili tatu itamaliza kazi ambayo trekta lako lingeifanya mwezi mzima likiumia. Mkono wako mwenyewe una maana pale unapochimba kila kiangazi, au mkiwa majirani watano sita mmeununua pamoja na mmekubaliana nani anauendesha.

Juzi kijana mmoja wa Masindi amenipigia, ameuona mkono Kampala, rangi bado mpya, na muuzaji anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nikamwomba picha. Imefika jana jioni, na kijiko ndicho kimejaa picha yote. Nimemjibu alale chini ya trekta, apige nyingine kutoka huko.