Bahari peke yake haitoshi: kustaafu Cahuita

Watanzania wenzangu wa Toronto wanaokaribia kustaafu huniuliza mambo mawili kila tukiongea: huko Kostarika maisha bei gani, na bahari iko mbali kiasi gani na nyumba. Nawajibu. Cahuita, kijiji cha pwani ya Kostarika ninakoishi, ni nafuu kuliko Kanada, ila si rahisi kama watu wanavyodhani, maana vitu vingi vya dukani vinatoka nje ya nchi. Mstaafu wa kigeni hupewa kibali cha kuishi akionyesha pensheni isiyopungua dola 1,000 za Kimarekani kwa mwezi. Halafu anachangia Caja, mfuko wa afya wa taifa, na kutibiwa kwenye zahanati ile ile ya wenyeji. Bahari iko hapo hapo nyuma ya minazi. Swali ambalo hawaniulizi, na ndilo ningependa waulize, ni hili: usipoonekana siku mbili, nani atakuja kukugongea mlango?

Mimi ni mtu wa Muheza, mkoa wa Tanga. Nimekuwa muuguzi Toronto mpaka nikastaafu. Mume wangu ni mzaliwa wa Cahuita, kwa hiyo tulipohamia huku yeye alirudi kwao, na mimi nikaenda ugenini mara ya pili.

Pwani hii ya Karibi ina historia ambayo mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa sana. Kuanzia miaka ya 1870 Wajamaika waliletwa kujenga reli ya kutoka bandari ya Limón kwenda mji mkuu, San José. Reli ilikamilika 1890, mashamba ya ndizi yakaenea, na kampuni ya United Fruit, iliyoundwa 1899, ikawa ndiyo yenye kauli katika mkoa huu wa Limón. Sisi tuna reli yetu ya Wajerumani, tuna mkonge, tuna wajukuu wa manamba ambao babu zao walikuja kwa mkataba na hawakurudi tena kwao. Huku, wajukuu wa wale Wajamaika walikaa muda mrefu bila uraia, mpaka mlango ulipofunguka baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1948 na katiba ya 1949. Miaka yote hiyo walijisimamia wenyewe: makanisa yao, vyama vyao vya kuzikana, shule zao za Kiingereza. Na tabia hiyo haijaisha. Mwaka 1994 serikali ilipopandisha kiingilio cha wageni katika hifadhi ya taifa ya Cahuita, wanakijiji walilishika lango wenyewe. Mpaka leo ukiingilia upande wa Playa Blanca, kijijini, unatoa mchango kwa hiari yako, na wenyeji wana kauli katika uendeshaji wa hifadhi.

Sasa mtu wa namna hiyo umwendee na hati ya kiwanja, utarajie akuite ndugu?

Wastaafu wengi kutoka Marekani, Kanada na Ulaya wanajenga upande wa Puerto Viejo, kusini ya hapa. Wengine ni watu wema sana, na wapo waliojifunza Kihispania na wanafundisha watoto kuogelea. Lakini wengi naona wanakaa wenyewe kwa wenyewe. Mwaka wa kwanza ni picha za machweo, wa pili ni malalamiko ya mvua (na mvua huku inanyesha karibu mwaka mzima), kisha nyumba inatangazwa kuuzwa. Wakati huo bei ya ardhi imeshapanda, na kijana wa Cahuita hawezi kununua kiwanja kwenye kijiji alichozaliwa babu yake. Hilo linaniuma, na nadhani kila anayetaka kuhamia huku alifikirie kabla hajasaini chochote.

Mimi niliingia kwa mlango wa jikoni, tena jikoni kwa wafiwa. Alifariki bibi mmoja jirani, na hapa mtu akifa watu hukesha kwake: nyimbo za kanisa kwa Kiingereza, kahawa, domino mezani mpaka usiku mkubwa. Chakula ni wali uliopikwa pamoja na maharage mekundu kwa tui la nazi, na majani ya thyme. Juu huwekwa pilipili moja nzima, ile ile tunayoiita pilipili mbuzi kwetu, na mpishi anageuza wali taratibu isije ikapasuka. Nilikuta kina mama wanahangaika kukuna kwa vikwaruzo vidogo vya kushika mkononi na nazi zimejaa beseni. Nikarudi nyumbani nikachukua mbuzi yangu niliyokuja nayo kutoka Muheza, nikaikalia, nikaanza kukuna. Walisimama kunitazama. Mama mmoja mtu mzima aliomba nimpishe ajaribu, akakuna nazi nzima akicheka. Nikakamua tui zito, nikalitenga, nikaendelea na tui jepesi, na hakuna aliyenielekeza kitu.

Tangu hapo nikawa naitwa. Walipojua ni muuguzi, kazi nyingine ikaja yenyewe: kila wiki mimi na kina mama wawili wa kanisani tunawapitia wazee wanaoishi peke yao. Tunapima presha, tunaandika kwenye daftari, na namba zikiwa mbaya tunampeleka mzee zahanati. Watoto wao wako San José au Marekani. Nikichelewa, wananisubiri barazani, na mmoja huninunia kweli kweli.

Sitaki kuwadanganya kwamba ni peponi. Mkoa wa Limón ni miongoni mwa mikoa yenye mauaji mengi zaidi nchini, kwa sababu ya dawa za kulevya zinazopitishwa bandarini. Na nyumbani ni mbali mno. Kaka yangu alipofariki Muheza sikuwahi mazishi. Nilizika kwa simu. Jioni hiyo wale kina mama walikuja na kahawa, wakaniimbia nyimbo zao na kunisikiliza nikisimulia habari za mtu ambaye hawakupata kumwona. Toronto nilikaa jengo moja miaka mingi, na misiba yangu yote ya huko jirani wa mlango wa pili hakuijua.

Kuna wanaosema dawa ni kustaafu nyumbani, basi. Nami nawaambia polepole. Muheza nina ukoo, na ukoo hauombwi. Lakini nimewaona waliorudi baada ya miaka thelathini, wamejenga nyumba ya ghorofa na ukuta, mlinzi getini, na jioni wanakaa na televisheni. Rafiki zao wameshakufa. Misiba na harusi ambazo hawakuchangia watu wanazikumbuka, na wanaokuja kuwatembelea wanakuja na shida ya ada. Sioni tofauti kubwa kati yao na wale wa Puerto Viejo, isipokuwa lugha.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wa Toronto ni kuanza mapema, popote utakapokwenda. Nenda likizo ukae na watu, siyo hotelini. Jua nani anaumwa. Chukua kazi ambayo usipoifanya wiki hii mtu ataulizia. Mimi kikundi cha kuzikana cha mtaa wetu Muheza nakichangia kila mwezi kwa simu, na shangazi amenihakikishia jina langu limo kwenye daftari.